Kumwosha Floribert kwa Ndimu

Dodo alikuwa mpimaji wa malori kwenye mizani kule Shituru, mjini Likasi, na tangu apate ile kazi alikuwa anapima hata vitu ambavyo havikuomba kupimwa. Ukimwekea sahani ya bukari, ule ugali wetu, anaikadiria kwa jicho kabla hajanawa mikono. Dada yake Tina alikuwa anasema kwamba siku Dodo atakapooa, bibi-arusi atapandishwa kwanza kwenye mizani, mara moja na maua yake na mara moja bila maua, ili ijulikane kanisa limempa nini hasa. Dodo alicheka pamoja na wengine. Moyoni, lakini, hakuona ubaya wowote: lori lisilo na karatasi ya uzito halipiti getini, na binadamu naye angepata karatasi yake, nani angemsumbua?

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeingiwa na wazo la kumtafutia baba yake karatasi. Baba mwenyewe hakuwepo. Ilikuwepo jetoni yake tu.

Floribert, baba yake Dodo, alikuwa mfanyakazi wa Kampuni, ile ya migodi ya shaba, wakati Kampuni ilikuwa bado Kampuni. Kila mfanyakazi alipewa jetoni, kipande cha shaba cha mviringo, chenye tundu juu na namba iliyogongwa katikati. Asubuhi unaitundika kwenye ubao wa getini, jioni unaichukua. Jetoni iliyobaki kwenye ubao ilikuwa inawaambia wakubwa kwamba kuna mtu bado hajatoka. Mishahara ilipokauka, Floribert alirudi nyumbani, kambi ya wafanyakazi ya Panda, na jetoni yake mfukoni, na hakuna aliyekuja kuidai. Akaenda kuchimba na wachimbaji wa mikono, nje ya mji. Asubuhi moja ya mvua aliiacha jetoni kwenye msumari wa ukutani, kwa sababu kule shimoni hakukuwa na ubao wa kuitundika. Shimo likajifunga juu yake. Wenzake walichimba huku, udongo ukateremka kule, mpaka wakaacha.

Kilio kilifanyika bila mwili. Jamaa za marehemu walipotaka kumnyoa mjane nywele, kama inavyofanywa matanga yakiisha, mjane mwenyewe, Mama Rosalie, aliwauliza swali moja tu: mnamzika nani? Waliangaliana. Hakuna aliyenyolewa, na matanga yale yakabaki wazi kama mlango uliokosa kitasa.

Tangu mwaka ule, ikifika siku ya marehemu, inayofuata Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote, wakati Likasi nzima inabeba majembe na ndoo kwenda kusafisha makaburi, Mama Rosalie alikuwa anabaki uani. Hakuwa na kaburi la kupalilia. Aliweka beseni juu ya kiti kidogo, akakata ndimu, akaleta majivu kutoka jikoni, akaitoa jetoni kwenye kipande cha shati la kazi la mume wake. Halafu alimwosha. Alisugua taratibu na kidole gumba, huku akimpa habari za mwaka: nani ameolewa, nani amehamia Kolwezi, unga umefika wapi, Tina amefaulu, Dodo bado mkaidi. Jetoni ilitoka nyekundu kama shaba ya jana. Dodo na Tina walikuwa wanashika taulo. Utotoni Dodo alidhani kila nyumba inafanya vile, na alimhurumia kijana wa jirani ambaye baba yake, maskini, alikuwa mzima na hakuwahi kuoshwa na mtu.

Sasa ukisugua shaba na majivu kila mwaka, shaba nayo inachoka. Siku ya marehemu ya mwaka uliopita, Dodo aliipokea jetoni kwenye taulo, akaigeuza kwenye mwanga, na akaona kwamba tarakimu ya mwisho imekwenda kabisa. Ile inayoitangulia ilikuwa inafanana na tatu ukitaka, na nane ukitaka. Akahesabu kimya kama anavyohesabu mizigo. Bado mara chache za ndimu na baba yake atabaki duara tupu lenye tundu. Mama yake, kwa upendo wake wote, alikuwa anamfuta.

Hakumwambia. Alikwenda kwa Ruphin.

Ruphin alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko, lakini simu zilikuwa mke wa nyumbani tu. Mapenzi yake yalikuwa sarafu. Alikuwa na makuta ya enzi za Zaire, na senti za kikoloni, na misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya mababu, ambayo miwili ilikuwa ya kweli. Alijua wakusanyaji wa nchi za mbali, na alijua nyumba zile ambazo kazi yake ni kupokea sarafu na jetoni za watu, kuziangalia kwa kioo cha kukuzia, kusema ni za kweli au za uongo, na kuzipa daraja kama mwalimu anavyowapa watoto pointi. Alisema wapo watu wa akili timamu wanaokosa usingizi kwa ajili ya pointi moja.

Aliichukua jetoni kwa ncha za vidole, akaiweka chini ya kioo.

“Vieux Dodo, hii kintu banaisafisha na nini?”

Dodo alimwambia: ndimu, na majivu. Ruphin alifunga macho kama mtu aliyepigwa mlango kwenye vidole. Akaeleza kwamba kwa wapimaji wa sarafu, shaba inatakiwa kubaki na rangi yake ya uzee, ile kahawia yenye kijani ambayo mama zetu wanaiita uchafu. Ukiisugua umeiua. Nyumba yoyote ya heshima haitaipa pointi hata moja. Itaandika tu kwamba ni ya kweli, na kwamba imesafishwa. Ni sawa na mtoto anayerudi kutoka shule na bulletin, karatasi ya matokeo, isiyo na asilimia, imeandikwa non classé, yaani hana daraja, na mzazi hajui ampige au amkumbatie.

Dodo akasema hatafuti pointi. Anatafuta namba isiishe.

Basi wakaanza kuchagua. Ilikuwepo nyumba ya Amerika, yenye jina kubwa kuliko zote, lakini haikupokea kitu moja kwa moja kutoka kwa mtu wa Likasi. Ungepita kwa mfanyabiashara anayepita kwa mfanyabiashara, na Ruphin alicheka kwanza kabla ya kutaja bei, ili Dodo asidhani anamtukana. Ilikuwepo ya Ufaransa, ambayo inapiga picha nzuri, inatoa certificat, na kurudisha jetoni ikiwa wazi katika mfuko wake mdogo. Na ilikuwepo ya Afrika Kusini, ambayo inafungia jetoni ndani ya plastiki ngumu, angavu kama kioo, iliyochomelewa pande zote, na kibandiko cha maelezo ndani. Ukiivunja, maelezo yote yamekufa. Hiyo ya mwisho ilikuwa na faida moja zaidi: kwa malipo kidogo wanaongeza kwenye kibandiko mstari wa jina la mwenye jetoni.

Ruphin mwenyewe alipendelea Ufaransa. Alisema jetoni ya mtu wa nyumbani si sarafu ya mfalme, watu watataka kuishika. “Bale ba plastiki, bakifunga njo bamefunga,” akasema. “Mama yako atataka kuigusa, mwee.”

“Njo maana nataka plastiki,” Dodo akajibu. “Mama iko anaimaliza.”

Ruphin aliuliza kama mama amekubali. Dodo akajibu kwamba mama anamwamini. Mpima malori angetambua mara moja kwamba swali na jibu havina uzito mmoja, lakini siku ile mpima malori alikuwa upande wa dereva.

Jioni alimkuta Mama Rosalie anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni. Alimwambia kuna wataalamu kule Afrika Kusini wataiangalia jetoni ya baba, wataiandikia karatasi, ili hata ikipotea au nyumba ikiungua dunia ijue kwamba ilikuwepo. Yote yalikuwa kweli. Habari ya plastiki hakuigusa. Alisema tu wataitengenezea nyumba nzuri. Mama Rosalie alipangusa mikono, akaingia ndani, akarudi na kile kipande cha shati. Hakukifungua. Alikikandakanda kidogo, kama mtu anayehakikisha mtoto amefunikwa vizuri.

“Atarudia ku nyumba mbele ya Toussaint?”

“Atarudia, mama.”

Akampa.

Jetoni ilisafiri na dereva ambaye Ruphin alimwamini, mtu anayebeba shaba mpaka Johannesburg kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Lori lile lilipita kwenye mizani ya Dodo. Alilipima mara mbili, moja ya kazi na moja ya kwake. Namba kwenye kioo cha mizani haikutikisika: ilikuwa ile ile, Floribert awemo au asiwemo. Dodo alitia sahihi akafungua kizuizi.

Miezi ilipita. Mama Rosalie hakuuliza sana. Aliuliza kwa pembeni, kama mama zetu wanavyouliza. Alimwuliza Tina kama kule Afrika Kusini kuna baridi. Tina, ambaye alikuwa ameambiwa ukweli wote na kuapishwa, alimjibu kwamba sasa ni baridi ndiyo, akaenda nyuma ya nyumba kumtukana kaka yake kwa simu. Alimwambia amemfanya aongee na mama kama anaongea na jirani. Dodo akamwambia angoje, mama akiona namba iko salama atafurahi. Tina akasema yeye hajawahi kuona mtu anafurahia namba, isipokuwa Dodo.

Ilirudi siku ya Toussaint yenyewe, kwa dereva yule yule. Dodo aliifungua kibandani kwa Ruphin, na ukweli lazima usemwe: ilikuwa nzuri. Jetoni ilielea katikati ya plastiki kama kitu kilichosimamishwa hewani. Juu yake kibandiko cheupe: jetoni ya mfanyakazi, Katanga, shaba, namba inasomeka kwa sehemu. Jina: Floribert Kalenga. Na mahali pa pointi, kama Ruphin alivyosema, neno moja la Kiingereza. Dodo aliigeuza huku na huku. Ile tatu-au-nane ilikuwa palepale, na sasa itabaki tatu-au-nane mpaka mwisho wa dunia. Alimwambia Ruphin kwamba baba yake sasa ni mtu ambaye hakuna mvua itakayomfikia. Ruphin aliiweka kwenye mfuko wa karatasi na kukataa malipo ya kazi yake.

Kesho yake asubuhi, Dodo alipotoka chumbani, Mama Rosalie alikuwa ameshakaa uani. Beseni juu ya kiti. Ndimu imekatwa. Majivu yamechekechwa. Tina amesimama na taulo, macho yake yako kwenye ukuta wa jirani. Mama alikuwa amevaa pagne nzuri, kitenge cha sikukuu, na amenyoosha mkono bila kumtazama, kama unavyonyoosha mkono kupokea chumvi.

Dodo aliuweka mfuko kwenye kile kiganja.

Mama aliitoa. Aliiangalia mbele, aliiangalia nyuma. Kucha yake ilitembea kando ya plastiki, kona hadi kona, ikitafuta. Ilizunguka yote na kurudi ilikoanzia.

“Inafungukia wapi?”

“Haifunguke, mama.”

“Basi balisahau.”

“Hawakusahau. Minye njo niliomba.”

Akaanza kueleza. Alieleza vizuri, maana alikuwa amejitayarisha mwaka mzima: tarakimu iliyokwisha, ile inayofuata, majivu yanavyokula shaba, na kwamba angeacha vile vile baba angefutika mikononi mwao wenyewe. Mama Rosalie alimwacha amalize. Jogoo wa jirani alipita kati ya miguu ya beseni, Tina akamfukuza na taulo.

“Uliwaza kama siione?” mama akasema. “Kidole ni changu, papa. Namba ya mwisho ilipoenda, minye njo nilikuwa wa kwanza kujua. Nilifurahi.”

Dodo hakuelewa.

“Nilikuwa namuzika kidogo kidogo. Shimo halikunipa. Basi nikasema nitamunawisha mpaka aishe, na siku ataisha, nitamwachilia, nitaitika wanyoe nywele. Ilikuwa kazi yangu. Ilibakia kidogo.”

Hakusema kwa hasira. Dodo angepigwa kwa kile kiti angejua afanye nini. Alichuchumaa mbele ya beseni. Akasema atavunja, sasa hivi, nyundo iko pale mlangoni, plastiki si kitu, karatasi ife, daraja life. Akanyoosha mkono kuichukua. Mama aliivuta kifuani.

Aliuliza kile kibandiko kinasema nini. Dodo akamsomea: kazi, mkoa, shaba, jina. Lile neno la mwisho aliliruka.

“Na pale?”

“Banasema imesafishwa, mama. Ni... ni kosa kwao. Njo maana hawakutia pointi.”

“Balijua namna gani?”

“Banaangalia na kioo. Banaona alama za mukono.”

Mama Rosalie aliinamisha kichwa juu ya plastiki, kana kwamba naye angeziona kutoka pale. Mabega yake yalitulia. Tina anasema, na Tina si mtu wa kutia chumvi isipokuwa kwenye mboga, kwamba alimwona mama anatabasamu, na kwamba angetoa chochote asilione tena tabasamu lile.

“Basi bale bantu baliona kama alikuwa na muke.”

Aliinuka. Halafu akalimwaga beseni chini ya mpapai, maji yake safi, ndimu zake ambazo hazikutumika.

“Muntu nilimunawisha. We ulimutia mu sanduku, ukalifunga, ukaandika jina lake. Sasa inabakia nini, Dodo?”

Akaifunga jetoni ndani ya kipande cha shati.

“Tafuta jembe.”

Dodo alijaribu tena, njiani, kwa maneno ya mtoto. Alisema wangeweza kuiweka kabatini, karibu na Bikira Maria, mama aione kila siku. Alisema hii ndiyo iliyobaki peke yake. Mama Rosalie alitembea mbele na sanduku lile dogo kwenye kile kipande cha shati, mikono yote miwili, na watu waliokuwa wanakwenda makaburini na ndoo zao walimpisha bila kujua wanapisha nini. Alimjibu mara moja tu, bila kugeuka: sanduku lililofungwa halikai kabatini na vikombe.

Mlinzi wa makaburi aliuliza mwili uko wapi. Mama alifungua shati akamwonyesha. Mlinzi alikuwa amezoea kuona mengi, lakini alivua kofia, akawaonyesha nafasi pembeni ya kaburi la mama yake Floribert, na hakuuliza karatasi. Dodo alichimba. Mvua za kwanza zilikuwa zimelainisha udongo, na shimo la kitu kama kiganja linaisha haraka mno. Akaendelea kuchimba, akapita goti, akapita mahali pa lazima, mpaka Tina akamshika bega na kumwambia inatosha, hatutafuti shaba.

Mama Rosalie alipiga magoti, akamweka Floribert chini, uso juu. Kupitia plastiki alikuwa anang'aa. Halafu alilia. Si kile kilio cha kujifuta na ncha ya pagne ambacho watoto wake walikijua. Kilikuwa kile cha siku ya kwanza, kilichokuwa kimengoja mahali pa kuangukia, kwa jina, kwa sauti, na mikono juu ya kichwa. Wanawake waliokuwa wanapalilia makaburi ya jirani waliacha majembe. Hakuna aliyeuliza. Walikuja wakamzunguka na kulia naye, kila mmoja wa kwake, kwa muda ambao kilio cha mazishi kinahitaji. Kilipoisha, kiliisha. Alijipangusa, akamwuliza Tina kama nyumbani kuna wembe mpya.

Ikabaki udongo kurudishwa. Dodo alishika jembe. Akalijaza, akalinyanyua juu ya shimo, na mkono ukakataa. Chini kule jina lilikuwa linasomeka vizuri, Floribert Kalenga, kila herufi, limehifadhiwa kama alivyotaka, safi, halitafutika. Aliangalia tatu-au-nane. Akagundua kwamba hajui. Mwaka mzima alitaka kuiokoa ile namba na hakuwahi kumwuliza mama yake ilikuwa namba gani. Na sasa hata angeuliza, jibu lisingekuwa na mahali pa kuandikwa.

Siku shimo lilipojifunga alikuwa mtoto, na watu walimsifu kwa sababu hakulia. Walisema huyu ni mwanaume. Aliweka jembe chini. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu wa mizani wa Shituru. Ilikuwa ndogo, ya kukatika, na ilimshangaza mwenyewe. Tina aligeuza uso.

Mama Rosalie alikaa kwenye ukingo wa kaburi la mama mkwe wake, akanyoosha miguu, akaweka kipande cha shati kitupu juu ya mapaja.

“Lia, papa,” akasema. “Minye nilimaliza yangu. Tutakungojea.”